Vitunguu vya Msibani

Asubuhi ya Ijumaa ile nilikuwa nakata kitunguu redioni. Najua utasema kitunguu hakionekani redioni. Kinasikika, na mimi Emerensiana Tluway siwezi kueleza jambo mikono ikiwa imekaa bure. Kipindi changu kinaitwa Kwa Nini, kinarushwa na redio ya kata yetu ya Mang'ola kila Ijumaa saa tatu. Watu wanauliza kwa nini maziwa yakichemka hufurika na maji hayafuriki, kwa nini mwayo huambukiza, kwa nini chapati ya jana hukakamaa, nami nawajibu kwa lugha ambayo hata bibi yangu, Mungu amrehemu, angeielewa. Mtu anayejibu watoto "ndivyo ilivyo" huyo mimi na yeye hatupatani kabisa.

Siku hiyo mama mmoja alitaka kujua kwa nini kitunguu kinaliza. Nilicheka hewani. Swali hilo linaulizwa Mang'ola, ambako tunalima vitunguu mpaka upepo wenyewe unanuka vitunguu, na hakuna aliyewahi kutueleza. Basi nikachukua kisu.

Nikawaambia kitunguu kizima hakimlizi mtu. Kishike, kinuse, kilalie kama mto, hutatoa chozi. Ndani yake kuna vyumba vidogo mno, havionekani kwa macho. Chumba kimoja kina maji yenye salfa, cha pili kina kimeng'enya, yaani kile kitu kinachochochea vitu vingine vibadilike. Katikati kuna ukuta, na hao wawili wanaishi kama majirani waliokosana. Kisu kikipita, ukuta unabomoka, wanakutana, na ugomvi wao unazaa mvuke. Mvuke unapanda, unagusa maji ya jicho, unageuka tindikali hafifu. Jicho linawashwa, linafungua bomba lijioshe. Moyo hauhusiki hata kidogo. Kisu kikali kinasaidia kwa sababu kinakata bila kuponda. Baridi inasaidia zaidi: ukikiloweka kitunguu kwenye maji ya baridi usiku kucha, kimeng'enya chake kinazubaa, na huo mvuke mchache unaotoka unamezwa na maji.

Hapo ningeishia, lakini mdomo wangu haujui kuishia, nikaunganisha na punje. Punje kila mtu mzima anayo. Ni ndogo kama mbegu ya mchicha, inakaa chini ya kope, na kazi yake ni kuonja machozi. Maana machozi hayafanani. Yanayotoka kwa kuwashwa ni mepesi, karibu maji matupu. Yanayotoka moyoni ni mazito kidogo, yana protini zaidi. Punje inaonja, inapeleka habari kwenye mashine iliyopo zahanati, na mashine inaamua. Ukitazama simu yako unakuta imeandika: vumbi, kitunguu, kicheko, au huzuni. Ikiandika huzuni siku tatu mfululizo, mliwazaji anabisha hodi kwako na chupa ya chai na maswali kumi na mbili, na haondoki mpaka umesema.

Wapo wanaozichukia punje. Mimi si mmoja wao. Nilikuwepo baada ya mafuriko makubwa ya hapa kwetu, maji yalipokuwa yamekwisha kuondoka na watu wakaendelea kufa kwa majonzi, mmoja mmoja, wazima wa mwili, ndani ya vyumba vilivyofungwa. Punje zilipokuja vifo vile vilikoma. Kwa hiyo Shirika la Faraja, wenye hizo punje, liliponitafuta niifundishe mashine ya kata yetu, nilikubali kabla hawajamaliza kusema. Ilibidi ifundishwe upya, kwa sababu chozi la Mang'ola lina magadi ya maji ya Mang'ola, na mashine ya Arusha ilikuwa haituelewi. Machozi ya kuifundishia niliyakusanya mimi kwa mikono yangu, kichupa kimoja kimoja.

Na ilikuwa imefundishika. Miaka miwili kamili haikuwahi kumwita mliwazaji hata mara moja. Bwana Sulle, mliwazaji wetu, alikuwa ameamua kufuga kuku ili asikae bure. Wiki hiyohiyo Mhandisi Kileo wa makao makuu Arusha alinipigia simu kunipongeza. Alisema Mang'ola ndiyo kata yenye furaha kuliko zote za kanda, na kwamba Jumatatu ubongo wa mashine yangu ungenakiliwa kwenye kata nyingine kumi na nne. Ningepewa cheti mbele ya watu. Kitambaa cha gauni kilikuwa kwa fundi tayari, sikufichi.

Basi nikiwa hapo redioni, nimejaa furaha yangu, akapiga simu binti mmoja, Saumu, aliyeolewa kwetu miezi michache iliyopita akitokea Singida. Akaniamkia vizuri, kisha akauliza.

"Mama, vitunguu vya msibani si vinalowekwa kwenye maji ya baridi tangu jana yake? Mbona sisi jikoni tunalia vilevile?"

Miaka sita ya kipindi kile sijawahi kukosa jibu hewani. Nikaweka tangazo la mbolea.

*

Daftari la vichupa lilikuwa kwenye kabati la zahanati, nikalifungua. Vichupa mia tatu na kumi na viwili chini ya kichwa cha habari "Kitunguu". Nikafuata safu ya mahali vilipochukuliwa. Jikoni kwa marehemu mzee Baha. Jikoni kwa marehemu mama Qamara. Jikoni, msiba wa mtoto wa mwalimu.

Nikueleze nilivyofikiri wakati ule, maana nilijiona mjanja. Nilitaka machozi mengi ya kitunguu kwa haraka. Nyumbani mwanamke anakata kimoja, kwa mboga. Harusini siku hizi wapishi wanakuja na mashine yao ya kukatia. Pahali pekee ambapo wanawake thelathini wanakaa chini na kumenya magunia mawili kwa mkono ni jikoni msibani. Hiyo ni desturi yetu, na hakuna mpishi wa kukodi anayeruhusiwa kuigusa. Nikaenda na vichupa vyangu, nikapita kila mmoja alipokuwa analia na kitunguu mkononi, nikakinga, nikaandika: kitunguu. Hata mimi mwenyewe kwenye msiba wa tatu nililia, nikajikinga, nikajiandika.

Vitunguu vilikuwa vimelowekwa. Sote tunaloweka, mama zetu waliloweka, ni kitu ambacho mtu hakifikirii. Havikuwa na nguvu ya kumliza hata kuku wa Bwana Sulle. Wale wanawake walikuwa wanawalilia marehemu wao, nami nikaifundisha mashine kwamba hicho kilio kinaitwa kitunguu.

Nilitaka kuhakikisha kabla sijajitangazia ujinga. Saa sita mchana nikaenda nyumbani, nikachukua kitunguu kikavu cha shambani, nikakikata na kisu butu mpaka machozi yakafika kidevuni. Simu ikaandika: vumbi. Nikanawa, nikafungua madirisha, nikatupa maganda mbali. Nikaketi kitandani nikamkumbuka baba yangu alivyokuwa akinisubiri kituoni na mwavuli mwaka niliorudi kutoka chuo, mvua yenyewe haikuwepo, alikuja nao tu endapo itanyesha. Nililia kweli. Ndani ya nyumba hapakuwa na kitunguu hata kimoja.

Simu ikaandika: kitunguu.

*

Mtu akiwa na aibu anakimbilia kwa mama. Wangu hayupo, nikakimbilia kwa mama mdogo, Mama Gwandu, ambaye ni mjane wa mwaka wa pili na anauza vitunguu vilivyomenywa. Nilimkuta uani na wenzake watatu wakizunguka beseni, na Saumu yupo katikati yao kainamisha kichwa, dalili kwamba amesemwa tangu asubuhi. Nikawaambia yote kwa pumzi moja. Nilitegemea washtuke.

Hawakushtuka. Mama Gwandu alinisogezea kigoda na kisu, kana kwamba nimechelewa kazini. Akasema walijua tangu miezi ya mwanzo ya mashine. Mume wake alipofariki alilia siku arobaini, kitandani, bila kugusa kitunguu, akawa anamsubiri mliwazaji na maswali yake. Hakuja mtu. Akatazama simu akaona neno lile, akacheka katikati ya kilio chake. Akamnong'oneza jirani, jirani naye akamnong'oneza wake, na tangu hapo wanawake wa Mang'ola wamekuwa wakilia kwa raha zao na siri hawakuitoa, mpaka leo huyu mgeni alipokwenda kuimwaga redioni.

Niliudhika, nikawauliza miaka miwili wananiangaliaje usoni. Na aliyeelemewa kabisa je, aliyehitaji msaada?

"Mwanangu, mliwazaji anakuja na maswali kumi na mbili," Mama Gwandu alisema. "Sisi tunakuja na beseni. Tukimwona mtu kanyong'onyea kisimani, jioni tuko kwake, tunasema tumekuja atusaidie kumenya. Akitaka kusema atasema. Asipotaka, vitunguu si vipo."

Hilo nalijua, kwa sababu mwaka jana mama mkwe wangu alipofariki, mimi mwenyewe niliponea kwenye beseni hilo. Siku tatu nilimenya na kulia, wakaniimbia, wakanitania, wakanilazimisha kula. Siku ya nne niliamka nikiwa mtu.

Kisha akanishika mkono, mkono wake umelowa, akaniomba nisiseme. Nikisema, watu wa Arusha watakuja na vichupa vipya, na kila chozi la Mang'ola litapata jina lake. Kilio cha jikoni kitakuwa taarifa. Alisema nimewapa mlango bila kukusudia, nisiwazibie kwa makusudi.

Nikawaza haraka, na nikapata njia. Ningemwambia Mhandisi kwamba ubongo wetu haufai kunakiliwa kwa sababu ya magadi ya maji yetu, kata kumi na nne zifundishwe kivyake. Huko wako watu ambao hawana beseni wala wenzao, wangeandikiwa kitunguu na kuachwa wafe, hilo nisingelibeba moyoni. Lakini Mang'ola ingebaki ilivyo. Akina mama wangekuwa na siri yao, mimi ningekuwa na jina langu. Kila mmoja angekula na kushiba. Niliwaambia, wakafurahi, Mama Gwandu akaanza kutafuta sukari ya chai.

Saumu, ambaye ameumbwa kuuliza, akauliza wanaume wao wanakwenda kwenye beseni la nani.

Walicheka. Mmoja akasema wanaume wa Mang'ola hawalii, wanazungumzia mvua. Nami nilicheka, tena kwa sauti. Ila nilipokuwa narudi zahanati kumwandikia Mhandisi kuhusu magadi, kicheko kilikuwa kimekwisha. Msibani wanaume hukaa nje chini ya turubai, wanapokea wageni, wanahesabu viti. Jikoni hawaingii. Mwanamume akionekana anamenya kitunguu, habari itafika Karatu kabla yake.

*

Sheria hainiruhusu kufungua majina ya watu ila ninaposhuku mashine imekosea. Jumamosi asubuhi nilikuwa nashuku kuliko mtu yeyote aliye hai. Nikaiambia mashine inipe wanaume wa kata hii walioandikiwa kitunguu zaidi ya siku tatu mfululizo.

Walikuwa kumi na tisa. Nikaona mwenyekiti wa kijiji, siku sita. Nikamwona Bwana Sulle mwenyewe, mliwazaji, siku kumi na moja, huko na kuku wake. Wa juu kabisa kwenye orodha alikuwa na siku arobaini na moja, na bado zinaendelea. Akonaay Bura. Nililisoma jina lile mara tatu. Ninalijua vizuri, limo kwenye cheti changu cha ndoa.

Baba Lohay ni mtu wa utani. Miaka ishirini na sita ya ndoa, sijawahi kumwona akishika kitunguu. Mboga yenyewe akipakuliwa anavitenga pembeni ya sahani, mkulima mzima. Ndiye anayesimamia pampu ya umeme wa jua pale chemchemi. Ni kweli siku hizi alikuwa akitoka mapema na kurudi kachoka, nami nilisema ni msimu wa kumwagilia. Nilikuwa na gauni la kushonesha.

Nikafunga wali na maharage kwenye hotpoti, nikaenda chemchemi mchana ule. Nilimkuta amekaa juu ya bomba kubwa, kivulini, anatazama maji yanavyoingia mfereji. Akashangaa kuniona, akaniuliza kama kuna mtu amekufa ndiyo maana analetewa chakula kazini. Nikakaa karibu naye. Mimi mtu wa maneno mengi, siku hiyo nilimuuliza moja tu, kama huwa analia.

Akasema ndiyo, macho yanamsumbua sana, hasa asubuhi akifika hapa. Alianza mwezi uliopita, mwaka ulipotimia tangu mama yake afariki. Yanatoka tu, tena mengi, mpaka anasimamisha pampu. Alisema bila aibu yoyote, kama mtu anayeeleza habari ya jino.

"Mwanzoni niliogopa, Mama Lohay," akasema. "Nikadhani ni huzuni, labda ya mama. Nikatazama simu, ikaandika kitunguu. Nikasema basi ni upepo wa mashambani. Mashine umeifundisha wewe, haiwezi kunidanganya."

Jamani, nimesemwa vibaya katika maisha yangu, na mara nyingine nilistahili. Hakuna neno lililowahi kuniumiza kama lile, na lilisemwa kwa upendo. Mimi nilimlilia mama yake siku tatu jikoni nikapona. Yeye, mwanawe wa kumzaa, alikuwa nje anahesabu viti, na machozi yalipomfikia hatimaye, mwaka mzima baadaye, mashine ya mke wake ikamwambia siyo.

Nikachukua simu palepale nikampigia Mhandisi Kileo. Nilimwambia kuna kosa kwenye mashine ya Mang'ola na kosa ni langu, lote, sikutaja magadi. Nikamweleza misiba mitatu, vitunguu vilivyolowekwa, vichupa mia tatu na kumi na viwili. Akasema kwa upole kwamba nifikiri hadi Jumatatu, kata kumi na nne zinasubiri, wageni wamealikwa, na jambo kama hili likitoka hakuna atakayenipa tena kazi ya mashine. Nikamjibu kuwa nimeshafikiri. Nikamwomba kitu kimoja, kwamba mashine mpya itakapokuja, jikoni msibani punje zizimwe mlangoni, kwa sheria, na mtu asiulizwe kilichomliza humo ndani. Alisema hawezi kuahidi. Nikamwambia hata mimi siwezi kumwahidi kwamba wanawake wa Mang'ola watampokea na maua, na kwamba wa kwanza kunisuta nitakuwa naye ukoo mmoja.

Nilipokata simu, Baba Lohay alikuwa ameweka kijiko chini. Alikuwa amesikia kila neno. Maji yalikuwa yanapita miguuni petu kuelekea mashambani, naye alikuwa anayatazama kama mtu anayerudia hesabu aliyoambiwa ameipata.

"Kwa hiyo siku zote hizi," akasema, "ilikuwa mama."

"Ilikuwa mama," nikamjibu.

Akaegemea bega langu, mwanamume wa miaka hamsini na mitano, saa saba mchana, watu wakipita na majembe yao. Nikamshika mpaka alipomaliza, na chakula kikapoa.